Namba ya Daktari wa Usingizi

Fundi aliyefunga meza mpya ya simu alikuwa mtu mstaarabu, na kwa sababu hiyo alichukua muda mrefu kulisema jambo ambalo kila mwenye macho mle chumbani alikuwa amekwisha kuliona.

"Hebu pitisha mkono, mzee," alisema. "Pitisha tu, haina umeme wa kukudhuru."

Opereta akapitisha mkono. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, kipofu tangu utotoni, na hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi wafua nguo, ilimwita Bwana Haloo. Mkono ulikwenda kutoka kushoto hadi kulia, ukarudi. Ulikutana na plastiki, baridi, tambarare. Chini ya plastiki hiyo kulikuwa na taa arobaini, kila moja ndogo kama punje ya dengu.

"Vifuniko viko wapi?"

"Hakuna vifuniko, mzee. Simu ikiingia, taa inawaka."

"Na mlio?"

"Mlio upo. Lakini ni mmoja kwa laini zote. Unakwambia kuna simu. Haukwambii ni ipi."

Ubao wa kwanza aliofanyia kazi ulikuwa na vifuniko vya chuma, kila kimoja kama ukucha, kimoja kwa kila laini. Mtu akipiga, kifuniko chake kilianguka, tak, na kidole cha Bwana Haloo kilikuwa pale kabla mpigaji hajavuta pumzi. Ubao wa pili, ulioletwa hospitali ilipofikisha laini mia na ishirini, haukuwa na vifuniko. Ulikuwa na vijicho vyeupe vilivyojigeuza nyuma ya kioo. Fundi wa wakati ule alikitoa kioo kwa bisibisi, akamwachia avipapase, na kazi ikaendelea. Ubao huo sasa ulikuwa umelazwa sakafuni, kamba zake za kuunganishia zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni.

"Itoe basi hii plastiki," alisema.

"Chini yake ni taa, mzee. Hata nikiitoa hutashika kitu."

"Na simu za ndani? Daktari akitaka maabara?"

"Atabonyeza namba mwenyewe, mtambo umuunganishe. Meza hii ni ya simu za nje tu, zinazoingia na zinazoombwa."

Katibu wa hospitali alikuwa amesimama mlangoni na faili kwapani. "Kwa hiyo nusu ya kazi imepungua, Bwana Haloo," alisema. "Hiyo nayo ni habari njema."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Katibu alijihesabu kuwa mtu wa haki, na kwa kipimo chake alikuwa hivyo. Alitoa wiki mbili. Opereta akiimudu meza, anabaki. Asipoimudu, wataachana vizuri, kwa barua.

*

"Wiki mbili za nini?" mama yake aliuliza. "Macho yataota?"

Bibi huyo alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kitanda chake kilikuwa katika kile cha mbele, mahali ambapo hakuna neno lililoweza kumpita. Mke wa Bwana Haloo alikuwa akipiga pasi shati la kazi. Hakuinua kichwa.

"Nitakaa naye," alisema.

"Wapi?"

"Hapo mezani. Taa ikiwaka namwambia ni ya ngapi. Yeye anabonyeza na kuongea."

"Na wewe nani atakulipa?"

"Hakuna atakayenilipa, mama. Kila asubuhi nampeleka mpaka langoni, halafu narudi. Sasa sitarudi, basi."

"Wewe hata simu hujui kuishika."

"Nitaishika kama ninavyoshika pasi."

"Utaungua sikio," Bwana Haloo alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. Kisha akageuza uso upande wa mkewe. "Utanong'ona. Mpigaji asisikie."

"Nitanong'ona."

*

Fundi alimwekea tone la gundi kavu kwenye kitufe cha kumi, cha ishirini na cha thelathini, ili vidole vipate pa kuanzia kuhesabu. Mke alikaa kwenye stuli nyuma ya bega lake la kulia.

"Ya sita."

"Haloo, hospitali."

"Ya kumi na tisa."

"Haloo, hospitali."

Kwa siku mbili ilikwenda. Lakini kati ya taa kuwaka na "haloo" palikuwa na sekunde tatu, nne, wakati mwingine sita simu mbili zilipogongana, na watu wenye wagonjwa hawana sekunde sita. Wengine walikata. Daktari wa upasuaji, mtu aliyependa mzaha ambao yeye mwenyewe hakuwa ndani yake, alisimulia kwenye chumba cha chai kwamba siku hizi ukipiga simu hospitali unasikia mtu na mkewe wakinong'ona. "Nikakata haraka," alisema. "Nikajua nimeingia chumbani kwa watu." Mzaha ulifika kwenye meza ya simu kabla chai haijapoa. Wafua nguo waliupitisha, na wao hawakujua kunong'ona.

Siku ya nne Bwana Haloo alikwenda msalani peke yake, kwa kugusa ukuta, kama alivyokwenda miaka yote. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti chake.

"Nani amekwambia ujibu?"

"Zilikuwa zinalia."

"Ziache zilie."

"Mmoja mwanawe amekunywa mafuta ya taa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuunganisha na wodi ya watoto. Ishirini na tatu. Si ndiyo?"

Ilikuwa ndiyo. Alimwinua kwenye kiti, akakaa, akamfundisha kazi kwa sababu sasa isingewezekana kutomfundisha. Alimwambia kwamba anayelia asikatizwe, aulizwe jina. Alimwambia kwamba mganga mkuu haunganishwi na mtu anayesema ni jamaa yake. Alimwambia habari za milio. "Ukipiga nje, simu ikawa inaita, ujue upande wa pili mtu yupo au yuko njiani kuifikia. Vumilia, usikate. Ukisikia mlio mrefu usiokatika, namba imekufa. Hapo usipoteze hata dakika, tafuta njia nyingine."

Mke alijifunza upesi kuliko mumewe alivyotarajia, na zaidi kuliko alivyotaka. Katika wiki ya pili taa ilikuwa ikiwaka na kuzimika kabla hajaambiwa namba. Mkono wa mkewe ulipita mbele ya kifua chake, ukabonyeza, ukarudi. Mara ya kwanza aliomba radhi. Baadaye hakuomba.

*

Siku moja kabla wiki mbili hazijaisha, Katibu aliwaita ofisini wote wawili. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Mke alimkalisha mumewe, yeye akasimama.

"Tangu Jumatatu nimepiga simu kutoka nje mara kumi na moja," Katibu alisema. "Sikujitambulisha. Mara zote kumi na moja umejibu wewe, mama."

"Mimi nilikuwa namsaidia tu."

"Najua. Hospitali haiwezi kuweka watu wawili kwenye kiti kimoja."

"Basi mwandike yeye, mimi niendelee kukaa bure kama sasa. Sijadai chochote."

Katibu alifikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa pendekezo lisilo na gharama. "Yeye akiugua kesho," alisema, "wewe utakuja na simu zitajibiwa. Wewe ukiugua, yeye atakuja na simu hazitajibiwa. Sasa niambieni, opereta ni nani?"

Waliosikia swali walikuwa wawili na wote walilijua jibu. Mke alitazama sakafu. Bwana Haloo alikuwa ameshika magoti.

"Utaanza Jumatatu, mama. Kwa majaribio, mshahara wa kuanzia." Katibu alifungua faili. "Bwana Haloo, kuna jambo moja. Fundi anataka namba za nyumbani za madaktari azitie kwenye mtambo, kila moja ipewe namba ya mkato. Nimetafuta kitabu, sikioni."

"Hakuna kitabu."

"Ziko wapi?"

Bwana Haloo aligusa paji la uso.

"Zitoke hapo, ziende kwenye karatasi," Katibu alisema. "Kesho jioni. Siku ya orodha ndiyo siku ya barua yako. Kiinua mgongo chako utakipata chote, sitakata hata senti."

Njiani mke alimshika mkono kama kawaida. Walitembea mpaka kona ya pili.

"Nikikataa?" alimuuliza.

"Ukikataa nini?"

"Kazi. Nikimwambia sitaki."

"Atamchukua mwingine," Bwana Haloo alisema. "Usijifanye hujui."

"Basi?"

"Basi chukua."

Alilisema kwa sauti ile aliyotumia kuwaambia watu kwamba laini haipatikani. Mkewe alitamani kuamini kwamba ameridhia, akaamini.

*

Ijumaa mama yake alingoja mpaka mkwewe alipotoka kuanua nguo.

"Hizo namba ukishazitoa zote," alisema, "kichwani unabaki na nini?"

"Mama, niache."

"Nakuuliza tu. Mtu anayekushika mkono njiani ndiye atakuwa mwenye kazi. Utamwomba mpaka sabuni."

Bibi hakutaka mwanawe awe muuaji. Wala yeye mwenyewe Bwana Haloo hakutaka kumuua mtu. Ni vizuri jambo hili liandikwe hapa mapema, kwa sababu baadaye halikumsaidia. Alichotaka ni dakika kumi. Alitaka hospitali ikwame kwa dakika kumi, mchana, mbele ya watu, na gari lije kumchukua. Alilipanga kwa ujuzi wa kazi yake. Namba itakayokosewa iwe ya daktari wa usingizi, anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, kwa sababu ni mmoja tu, anakaa nje, na huitwa karibu kila siku. Kosa liwe kwenye tarakimu ya kwanza. Simu za mji ule zilianza na nne au tano. Kwenye mtambo wa mji, safu ya saba, yaani namba zote zinazoanza na saba, haikuwahi kufungwa mashine. Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyezungusha saba kwa bahati mbaya alikutana na mlio mrefu kabla hajafika tarakimu ya tatu. Mkewe atausikia mlio, atajua namba imekufa, atamkimbilia Katibu. Dereva yuko pale pale uani. Dakika kumi, kumi na mbili foleni ikiwapo.

Na wakiuliza kosa ni la nani, aliyeandika si yeye.

Mke alirudi, akakunja nguo, akafuta meza, akakaa na kalamu. Alisoma shule ya msingi tu na mwandiko wake ulikuwa wa polepole, wa herufi zilizosimama. Bwana Haloo alitaja namba bila kusita, kwa mpangilio wa vyeo. Mganga mkuu. Msaidizi wake. Daktari wa upasuaji, nyumbani; daktari wa upasuaji, kwa mke wa pili. Bibi alicheka hapo. Walifika ya kumi na nne.

"Daktari wa usingizi," alisema. "Saba, mbili, sita, moja, nane."

Kalamu ilisimama. "Saba? Wengine wote wanaanza na nne na tano."

"Nani opereta hapa?"

"Si nauliza tu, baba."

"Saba."

Akaandika saba. Zilibaki ishirini na nane, na zote alizitaja sawasawa.

Jumamosi fundi alizitia kwenye mtambo. Alitaka kuzijaribu moja moja, lakini Katibu alisema haoni sababu ya kusumbua nyumba arobaini na mbili za madaktari siku yao ya mapumziko. Bwana Haloo hakosei namba. Hilo hospitali nzima ililijua.

*

Jumatatu mke alivaa gauni lake la kutokea. Kabla ya saa nne asubuhi watu watatu walikuwa wamemwita "opereta" na mmoja "dada opereta", na aligundua kwamba analipenda neno hilo. Hakuwa amelitarajia. Alikaa wima zaidi. Alijibu haraka, wala hapakuwa na wa kumnong'oneza.

Nyumbani Bwana Haloo alikuwa amenyolewa ndevu na jirani na amevaa koti. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza.

"Siendi popote."

"Na koti?"

"Baridi."

Jua lilikuwa kali.

Saa saba na dakika ishirini mchana iliwaka taa ya chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji hakuwa na mzaha. "Nitafutie mtu wa usingizi, mama, haraka. Kuna mzazi amekwama, mtoto amelala vibaya, siwezi kumpasua akiwa macho."

Alibonyeza kumi na nne. Mtambo ulipiga namba wenyewe, upesi kuliko kidole chochote, na katika sikio lake simu ikaanza kuita. Iliita kwa utulivu, kwa vituo vilivyo sawa, kama simu yoyote ya nyumba yenye watu. Akavumilia.

Wiki sita kabla ya siku ile, mji ulikuwa umebadilisha mtambo wake wa simu. Ule wa zamani, wenye mashine za chuma zilizopanda na kuzunguka kwa kelele, uling'olewa. Wa sasa ulikuwa makabati ya kijivu yasiyotoa sauti, na safu zote kuanzia mbili hadi tisa zilikuwa wazi. Safu ya saba iligawiwa nyumba mpya za upande wa pili wa reli. Namba saba, mbili, sita, moja, nane ilikuwa ya mtu na mkewe waliohamia siku tisa nyuma. Wote wawili walikuwa kazini. Simu yao iliita sebuleni, juu ya boksi, katika nyumba isiyo na pazia.

"Vipi?" daktari wa upasuaji aliuliza.

"Inaita, daktari."

"Iache iite. Labda yuko bafuni."

Alikata, akabonyeza tena. Iliita. Taa nyingine nane zilikuwa zikiwaka na kuzimika, na yeye alizijibu kwa mkono mmoja huku sikio moja likingoja. Angesikia mlio mrefu angeinuka. Hakuusikia. Alisikia kile alichoambiwa kwamba ni dalili ya mtu yupo.

"Mama, anakuja au haji?"

"Simu inaita, daktari. Haijakata."

Dakika ya ishirini na tano alitoka mbio kwenye korido, akamshika tarishi, akamtuma kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa limekwenda kuchukua damu. Tarishi alimkuta daktari wa usingizi kibarazani anasoma gazeti. Simu ilikuwa kwenye kimeza kando yake. Haikuwa imelia tangu asubuhi.

Walifika saa nane kamili. Mzazi alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekufa. Daktari wa upasuaji hakusema kwamba ni kwa sababu ya dakika arobaini. Hakusema pia kwamba si kwa sababu hiyo. Alivua glovu, akaenda moja kwa moja kwa Katibu.

*

Gari lilipoingia uchochoroni Bwana Haloo alikuwa amekwisha kusimama.

"Nilijua mtakuja," alimwambia dereva.

Dereva hakujibu. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno mengi, na njia nzima Bwana Haloo aliuchukua ukimya wake kuwa heshima.

Walimpeleka kwenye chumba cha simu. Alisikia pumzi za watu na akazitenga: mkewe mezani, Katibu dirishani, fundi karibu na kabati la mtambo. Mkewe hakumsalimu.

"Bwana Haloo," Katibu alisema, "tunaomba uzitaje zile namba upya. Zote. Kwa kichwa."

"Kuna tatizo?"

"Zitaje tu."

Akazitaja. Fundi alifuata kwenye karatasi kwa kidole, na mke alibonyeza kila moja na kungoja mtu aitike. Waliitika wake, watumishi, watoto, na mke wa pili wa daktari wa upasuaji. Hakusita popote. Kadiri alivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu; mabega yalishuka, mkono wa kulia ukaanza kupiga hesabu gotini. Kwa dakika chache mle chumbani alikuwa tena mtu anayejua kazi.

"Kumi na nne. Daktari wa usingizi. Nne, mbili, sita, moja, nane."

Kidole cha fundi kilisimama. Katibu alimpa ishara ya kunyamaza.

"Endelea, Bwana Haloo."

Akaendelea mpaka mwisho. Ijumaa angekosea namba tano, au hata tatu, wangesema ni umri. Alikosea moja. Arobaini na moja zilizokuwa sahihi zilimhukumu kwa ile moja, na hakuna aliyehitaji kulisema.

"Kwenye karatasi hii namba ya daktari wa usingizi inaanza na saba," Katibu alisema.

"Saba?" Bwana Haloo alitabasamu. Jibu lilikuwa tayari tangu Ijumaa. "Basi ameandika vibaya. Msimlaumu, ni mgeni, kazi yenyewe ngumu. Mnipe kiti nikae naye hata mwezi, atazoea."

"Mama?"

Mke alikuwa akiangalia taa. "Nilimuuliza," alisema. "Nilimwambia wengine wote wanaanza na nne na tano. Akaniuliza nani opereta."

"Sikumbuki hilo."

"Mzee," fundi alisema kwa upole uleule wa siku ya kwanza, "safu ya saba imefunguliwa. Ina wiki sita sasa. Mtambo wa mji ni mpya."

Bwana Haloo aligeuza kichwa upande wa sauti hiyo. Kwa kitambo alisahau mahali alipo na kwa nini yuko pale. Alikuwa mtu wa simu aliyeambiwa jambo la simu asilolijua.

"Kwa hiyo haikutoa mlio mrefu?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amemtajia mlio.

Katibu alifunga faili. Mke akageuka kwenye kiti chake, akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, ingawa kwa mume ilikuwa ni sauti tu iliyosogea.

"Iliita," alisema. "Uliniambia ikiita nivumilie. Nikavumilia."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mtoto wa watu akafa."

"Mtoto gani?"

Kwa kuwa hakuna aliyejibu, ilibidi aelewe mwenyewe. Alinyoosha mkono kutafuta mahali pa kushika, ukatua kwenye meza mpya, ukateleza.

"Barua yako nitaiandika upya," Katibu alisema. "Kiinua mgongo kitasubiri kamati. Isipokuwa kama mama atasema ni yeye aliyekosea kuandika. Kosa la mgeni ni jambo jingine. Hapo utaondoka na haki yako yote, na yeye ataondoka na wewe." Alingoja. "Mama? Nakuuliza mara moja tu."

Taa ya tisa iliwaka. Mlio ukalia.

"Niliandika nilichosikia," mke alisema, akabonyeza. "Haloo, hospitali."

Alisikiliza. Uso wake ulibadilika, akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Ni mume wa yule mzazi. Yuko kazini. Anauliza mkewe amejifungua?"

Katibu alifikiri. "Mwambie aje. Usimwambie zaidi."

"Njoo tu, kaka," alisema kwenye simu. "Ndiyo, njoo. Wodini watakueleza." Kisha, bila kugeuka: "Nisubiri nje, baba. Zamu yangu inaisha saa kumi na mbili."

"Gari..."

"Gari ni la wagonjwa," Katibu alisema.

*

Ilikuwa saa kumi. Fundi alimshika kiwiko, akamfikisha kwenye benchi la wageni kando ya mlango mkubwa, akamuaga. Bwana Haloo alikaa na koti lake. Waliompita walikuwa watu aliowajua kwa nyayo, na nyayo zao, zilipokaribia benchi, ziliongeza mwendo. Alisikia ndoo, matairi ya kitanda cha wagonjwa, na mbali, nyuma ya milango miwili, sauti ya mkewe ikisema haloo, ikisema haloo.

Mtu mmoja alikuja anahema. Mkono wake ulikuwa na mfuko wa nailoni uliokuwa ukichakarika.

"Shikamoo, mzee. Wodi ya wazazi ni wapi?"

Bwana Haloo hakuhitaji kufikiri. "Nenda moja kwa moja. Utapita milango miwili. Wa tatu, kulia kwako."

"Ahsante sana. Nimekimbia kutoka kiwandani, simu wameniambia nije tu." Mfuko ulichakarika tena, alikuwa akiuhamisha mkono. "Mtoto wa kwanza, huyu. Wewe unafanya kazi hapa, mzee?"

"Hapana. Namsubiri mke wangu."

"Kumbe tuko sawa!" yule mtu alisema kwa furaha, akampiga begani, akaenda moja kwa moja kama alivyoelekezwa.